UML bila kuchora michoro yote 14: niliyojifunza kwenye mradi mmoja

Kabla ya ule mradi nilikuwa naandika kodi za programu bila kuchora chochote na nilikuwa najiona niko sawa tu. Unapewa tatizo, unafungua kompyuta, unaanza. Sasa nikaingia kwenye timu iliyokuwa inatengeneza mfumo wa miadi ya kliniki, yaani mgonjwa anaomba muda wa kumwona daktari, mapokezi wanathibitisha, siku moja kabla inatumwa meseji ya kumkumbusha. Na sharti la mteja lilikuwa hakuna kodi mpaka dizaini ipite, na dizaini iwe kwenye UML, ile lugha ya michoro ya kuelezea mfumo wa programu. Mi UML nilikuwa naijua ya kujibia mtihani tu. Naandika haya kwa ajili ya yule aliyeambiwa alete mchoro wa klasi (klasi ni aina ya kitu kwenye programu, kama Daktari au Miadi) na mchoro wa mfuatano na hajui aanzie wapi, maana mafunzo mengi niliyopitia yanakupa orodha ya alama halafu yanakuacha hapo, hakuna anayekwambia lini uchore na lini uache.

Kwanza ujue kwa nini hii kitu ipo. Miaka ya mwanzo ya 1990 kila mtaalamu wa dizaini alikuwa na alama zake. Grady Booch alikuwa anachora klasi kama wingu, James Rumbaugh na wenzake kule General Electric walikuwa na njia yao ya OMT yenye maboksi, Ivar Jacobson aliyetokea Ericsson kule Sweden akaja na yuzikesi, yaani kuanza na kile mtumiaji anachohitaji kwa mfumo. Ukihama kampuni unajifunza kusoma michoro upya. Rumbaugh akaungana na Booch kwenye kampuni ya Rational mwaka 1994, Jacobson akafuata 1995, wakachanganya njia zao, na Novemba 1997 OMG, ule muungano wa makampuni na taasisi unaotunza viwango vya namna hii, ikapitisha UML 1.1. Toleo la 2.0 likatoka 2005 na la sasa ni 2.5.1 la Desemba 2017. Mawingu ya Booch hayakupita na mi nashukuru, jaribu kuchora wingu la mistari ya vipande vipande ubaoni mara kumi uone.

Kwa hiyo faida yake kubwa ni kwamba mshale una maana ileile kwa kila anayeusoma. Kumbuka hilo maana ndo lilikuja kutugharimu baadaye.

UML 2.5 ina aina 14 za michoro, saba za muundo na saba za mwenendo. Sisi tukaanza kuitafuta yote 14. Hakuna aliyetulazimisha, ila tuliona dizaini nene ndo dizaini ya kweli, tukakaa wiki kadhaa tunasogeza maboksi yasigongane, tunabadilisha rangi, mchoro wa klasi ukafika ukubwa ambao ukiuprinti kwenye karatasi ya kawaida huoni herufi. Nilikuwa nachoka kuliko nikiandika kodi, na mbaya zaidi sikuwa na uhakika kama nafanya kazi au nachezea muda wa watu. Kuna siku nilibishana karibu saa nzima na mwenzangu kuhusu mchoro wa muda, ule wa kuonyesha mawimbi ya hali kwa sekunde, kwenye mfumo wa miadi! Ule mchoro una kazi kweli kwa wanaotengeneza vifaa na programu zinazokaa ndani ya mashine, mahali ambapo milisekunde ina maana. Kwetu ulikuwa pambo.

Kilichotuzindua ni kikao na watu wa kliniki. Tuliwawekea mchoro wa klasi ukutani, wakautazama kwa heshima zote, wakasema uko vizuri, hakuna swali hata moja. Mtu akikaa kimya mbele ya mchoro usifurahi. Mwisho mwisho mmoja wetu akafungua mchoro wa shughuli, tena ulikuwa rasimu tu, wenye safu tatu, ya mgonjwa, ya mapokezi na ya daktari, na kila hatua imekaa kwenye safu ya anayeifanya. Dada wa mapokezi akasogea akaanza kufuata mishale kwa kidole, akafika katikati akasimama, "Sasa kaka, mgonjwa anayekuja bila miadi anapitia wapi hapa?" Hakuwa na pa kupitia. Tulikuwa tumeshachora klasi chungu nzima na hakuna hata moja iliyomfikiria mtu anayeingia tu mlangoni akiwa anaumwa. Kikao kilichotakiwa kuisha kikaanza upya hapo.

Toka siku ile nikawa na utaratibu ambao nautumia mpaka leo, kichwa cha mchoro nakiandika kama swali. Siandiki "Mchoro wa Klasi wa Moduli ya Miadi", naandika "Miadi inahusiana vipi na daktari, mgonjwa na chumba?" Kama swali siwezi kuliandika, sichori. Na kitu chochote kwenye mchoro kisichosaidia kujibu lile swali kinatoka, hata kama ni cha kweli. Hapo ndo utaona maboksi arobaini yanakuwa tisa.

Haya, tuje kwenye mchoro wa klasi wenyewe, maana ndo watu wanaanzia huo na ndo unaotesa. Boksi lina sehemu tatu, jina juu, sifa katikati, vitendo chini. Alama ya kujumlisha mbele ya sifa maana yake kila mtu anaiona, ya kutoa ni siri ya klasi hiyo, na ya reli # ni ya klasi na watoto wake. Ushauri wangu mwanzoni acha hizo sehemu mbili za chini tupu kabisa. Chora majina na mistari tu. Kujaza sifa zote na vile vitendo vya kusoma na kuandika sifa ni kuandika kodi kwa kuchora, na kodi inaandikwa vizuri zaidi kwenye kodi.

Utajiri uko kwenye mistari, hasa zile namba ndogo mwishoni mwa mstari, 1, 0..1, 1..*, na nyota peke yake (nyota maana yake bila kikomo). Sisi kati ya Miadi na Daktari tuliweka 1 upande wa Daktari. Hakuna aliyeuliza. Kumbe kliniki ilikuwa na miadi ambayo mgonjwa anaonwa na daktari na mtaalamu wa mazoezi kwa pamoja, na sisi databesi tumeshaijenga na safu moja tu ya daktari kwenye jedwali la miadi. Kubadilisha kile kitu kimoja kuligusa fomu, ripoti, kalenda, na hesabu za nafasi zilizo wazi. Ingechukua sekunde tano kubadilisha kwenye mchoro. Sasa hivi kila mstari nausoma kwa sauti pande zote mbili mbele ya mtu anayeijua kazi: miadi moja inaweza kuwa na watoa huduma wangapi? Mtoa huduma mmoja anaweza kuwa na miadi mingapi? Na jibu la swali la kwanza linakaa upande wa mtoa huduma, sio upande wa miadi, hapo wengi wanageuza.

Halafu kuna almasi, ile alama inayowekwa mwishoni mwa mstari. Hii ndo ile habari ya mshale kuwa na maana. Kwenye mchoro wetu mstari kati ya Daktari na Miadi ulikuwa na almasi nyeusi upande wa Daktari, na kati ya Mgonjwa na Miadi vilevile, almasi nyeusi upande wa Mgonjwa. Aliyeweka aliona zinapendeza, na sisi wengine wote tulioupitisha mchoro tuliona zinapendeza. Akaja kijana mpya kwenye timu, yeye UML alikuwa ameisoma vizuri kweli, akausoma mchoro kama ulivyo: almasi nyeusi maana yake kipande ni mali ya kizima, kizima kikifa na kipande kinakufa. Akaandika databesi hivyohivyo. Tukaja kumfuta daktari mmoja wakati wa majaribio, miadi yake yote ikaondoka naye, ikiwemo ya miaka ya nyuma tuliyokuwa tumeihamisha kutoka mfumo wa zamani. Bahati ilikuwa databesi ya majaribio. Watu wakataka kumlaumu kijana, na kijana alikuwa sahihi! Tena angekuwa mkali angetuambia kwamba mchoro wenyewe haukubaliki, kwa sababu kiwango kinasema kipande hakiwezi kuwa ndani ya vizima viwili vya namna hiyo kwa wakati mmoja, na sisi miadi tulikuwa tumempa daktari na mgonjwa kwa pamoja.

Kwa hiyo almasi nyeusi iweke pale tu ambapo uko tayari kufuta vyote pamoja. Bili na mistari ya bili, sawa. Almasi nyeupe mi siitumii tena, hata kiwango cha 2.5 chenyewe kinakiri kwamba maana yake kamili inatofautiana kulingana na fani na mchoraji, sasa alama ambayo kila mtu ana maana yake inanisaidia nini? Mstari mtupu wenye namba unatosha. Kwenye urithi, yaani klasi mtoto inaporithi kutoka klasi mzazi, kumbuka pembetatu tupu inamwelekea mzazi, sio mtoto.

Mchoro wa mfuatano niliudharau nikidhani ni kuandika kodi kwa kusimama wima. Wahusika wanapangwa juu, kila mmoja ana mstari wake unaoshuka, muda unaenda chini, meseji zinapita katikati. Kitu kidogo ambacho usikiache: mshale wenye kichwa kilichojazwa rangi maana yake anayeita anasubiri jibu, kichwa kilicho wazi maana yake anatuma anaendelea na mambo yake, na mstari wa vipande vipande wa kurudi ni jibu. Tulipochora hali ya mapokezi kuthibitisha miadi, ilibidi tuamue kichwa cha mshale unaokwenda kwa kampuni ya kutuma meseji kiwe kipi, na hapo ndo tukaona kodi yetu ya majaribio ilikuwa inasubiri. Yaani mapokezi anabonyeza thibitisha, mfumo unafungua muamala wa databesi, unatuma meseji, unasubiri huko nje wajibu, ndo unafunga muamala. Kule nje wakichelewa skrini inaganda, mtu anabonyeza tena, unapata miadi miwili ya muda uleule. Ile bagi, yaani kosa la programu, tulikuwa tumeihangaikia tukidhani ni ya kalenda. Tukageuza kichwa cha mshale kuwa wazi, tukaweka foleni katikati, ikaisha.

Kwenye huo mchoro chora tukio moja tu, lile la kawaida, halafu lingine la mambo yakiharibika. Kuna fremu za alt, opt na loop za kuonyesha njia mbadala, hiari na marudio, zinasaidia, ila ukiona umeweka alt ndani ya loop ndani ya alt nyingine ujue hapo hakuna atakayesoma, gawa michoro miwili.

Sasa mchoro ninaoupenda kuliko yote, na ambao naona haupewi heshima yake, ni mchoro wa hali. Mizizi yake ni kazi ya mtaalamu wa kompyuta David Harel ya mwaka 1987, kabla hata UML haijazaliwa. Unachukua kitu kimoja, kwetu Miadi, unauliza kinaweza kuwa kwenye hali zipi na nini kinakihamisha. Sisi tulikuwa na safu ya hali kwenye jedwali, maandishi tu, na kila sehemu ya kodi ikawa inaiandika inavyotaka. Matokeo yake kulikuwa na wagonjwa wanaopata meseji ya kukumbushwa miadi waliyoifuta wenyewe, na miadi iliyofutwa ambayo mapokezi akiwa na skrini ya zamani anaweza kuithibitisha ikafufuka.

Tulivyofanya, kabla ya kuchora tulitengeneza jedwali. Kushoto hali: imeombwa, imethibitishwa, imefutwa, imekamilika, mgonjwa hakutokea. Juu matukio: thibitisha, ahirisha, futa, mgonjwa amefika, muda umepita. Halafu kila kisanduku kinajazwa, ama inaenda hali gani, ama tukio linapuuzwa, ama haiwezekani kabisa na mfumo upige kelele. Visanduku vilivyobaki vitupu ndo bagi zako za kesho. Kwetu "thibitisha" kwenye "imefutwa" kilikuwa kitupu, na tulibishana sana juu ya "ahirisha", mapokezi walikuwa wanaona ni miadi ileile imesogea, na sisi tulikuwa tunaifuta tunatengeneza mpya, ndo maana ripoti yao ya waliofuta ilikuwa kubwa kuliko ukweli. Hilo halikuwa suala la programu hata kidogo, lilikuwa suala la kliniki kuamua, na hakuna aliyejua linahitaji kuamuliwa mpaka tulipoona kisanduku.

Ukija kuchora, kila mshale unaandikwa tukio, kisha sharti kwenye mabano ya mraba, kisha mkwaju na kitendo kinachofanyika, mfano: thibitisha [chumba kipo] / mjulishe mgonjwa. Na kuna mambo mawili ya Harel yaliyoingia UML ambayo yalituokoa. La kwanza ni hali ndani ya hali. Tuliweka boksi kubwa tukaliita Hai, ndani yake kuna imeombwa na imethibitishwa, halafu mshale mmoja wa futa unatoka kwenye ukingo wa boksi kubwa, basi, umefunika zote za ndani. La pili ni vitendo vya kuingia na kutoka. Kwenye imethibitishwa tukaweka kitendo cha kuingia: panga meseji ya kukumbusha, na kitendo cha kutoka: ondoa meseji iliyopangwa. Sasa hata utoke kwa njia ipi, umefuta au mgonjwa amewahi kufika, meseji inaondoka. Kwenye kodi ikawa funkisheni moja tu inayoruhusiwa kubadilisha hali na malalamiko ya meseji za miadi iliyofutwa yakakata.

Yuzikesi sitakaa sana. Vile viduara vya yai na kamtu ka vijiti vinaonyesha nani anahitaji nini kwa mfumo, sio hatua, kwa hiyo ukijikuta umechora yai la "bonyeza kitufe" umepotea. Mshale wa include unatoka kwenye yuzikesi kubwa kwenda kwa ile inayojumuishwa, wa extend unatoka kwa nyongeza kurudi kwa ile ya msingi, unachanganya kila mtu, na kama timu yako inachanganyikiwa acha kuutumia. Kazi yenyewe iko kwenye maandishi ya kila yuzikesi: nani anaanza, nini kinatokea, nini kinaweza kuharibika.

Kuhusu zana. Zile za kuburuta maboksi kwa mausi zinakula muda wako kwa kupanga, na faili lake likikaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja akiondoka limeondoka. Sisi tulihamia PlantUML, unaandika maandishi, yenyewe inachora, faili linakaa pamoja na kodi kwenye Git, ile zana ya kutunza historia ya kodi, na mabadiliko yake mnayapitia palepale mnapopitia kodi. Mermaid nayo iko hivyo, ina michoro michache ya UML kuliko PlantUML lakini GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, inaionyesha moja kwa moja tangu 2022, ukiwa na mchoro wa klasi, mfuatano na hali unatosheka. Kero yake ni kwamba hupangi mwenyewe boksi likae wapi, na mchoro ukiwa mkubwa mistari inajisokota vibaya. Mi naichukulia kero hiyo kama alarmu kwamba mchoro ni mkubwa mno. Na kwenye kikao tumia ubao na kalamu, piga picha, chora baadaye kile tu mlichokubaliana.

Bosi mmoja alitaka zana ya kuzalisha kodi kutoka kwenye mchoro. Tulijaribu, ikatupa klasi tupu zenye majina, kodi ikaanza kubadilika kila siku na mchoro ukabaki nyuma, mpaka ukawa unadanganya. Mchoro unaodanganya ni hatari kuliko kutokuwa na mchoro, mgeni anauamini. Martin Fowler, mwandishi wa vitabu vya programu, anagawa matumizi ya UML mara tatu, rasimu, ramani kamili ya ujenzi, na lugha ya kuandikia programu, na timu nyingi za programu za kawaida nilizoona zinafaidika na rasimu. Ramani kamili waachie wanaotengeneza vitu ambavyo makosa yake yanaua mtu, huko hata wana SysML, lugha ya michoro ya mifumo mizima iliyotokana na UML.

Baada ya mfumo kuanza kazi tulifuta karibu michoro yote. Tulibakiza mchoro wa hali wa Miadi, mchoro mmoja wa klasi wenye maboksi tisa, michoro miwili ya mfuatano ile ya meseji na ya malipo, na mmoja wa kuonyesha programu gani inakaa kwenye seva gani. Kila mmoja una tarehe chini. Anayebadilisha funkisheni ya hali bila kugusa mchoro wa hali kodi yake haipitishwi, hiyo ndo sheria pekee tuliyoweka na inashikwa kwa sababu michoro ni michache.

Ukianza leo, anza na mchoro wa hali wa kitu kimoja kinachokusumbua kwenye mfumo ulionao tayari, usisubiri mradi mpya. Kisha mfuatano, kisha klasi. Ukikwama kwenye alama usibishane na mwenzako, kiwango chenyewe kinapatikana bure kwenye tovuti ya OMG, ni zaidi ya kurasa 700 kwa hiyo usikisome mwanzo mpaka mwisho, tafuta jina la alama humo ndani, soma aya mbili, funga, rudi kazini.